Je, Mtoto Achezaye kwa Mbegu Hasomi?

Mwezi uliopita nalihudhuria mkutano wa wazazi katika nyumba yetu ya sala, maana siku zisizo za ibada darasa la watoto wadogo hufundishwa humo. Mzee mmoja, mtu mwema mwenye kuheshimiwa katika usharika, akasimama na daftari la mjukuu wake mkononi. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu wote, akasema, "Tazameni, jeupe! Miezi mitatu mtoto huyu anakuja hapa, na kazi yake ni kuchezea mbegu na udongo. Mbegu hata shambani kwangu ziko." Watu wakacheka, na wengi wakaafiki. Ikanenwa ya kwamba mbegu zitupwe, watoto wapewe herufi na fimbo, na dada yetu anayewafundisha asipokubali, atafutwe mwingine. Shauri hilo halijakatwa bado, ndiyo sababu naandika.

Mimi nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi, huu ni mwaka wa 19, nami ndimi nipokeaye watoto hao wakitoka kwa waalimu wa namna zote. Huja mtoto aliyefundishwa kwa kuimbishwa tu. Huhesabu moja hata mia kama maji yatelemkayo mlimani. Lakini mwambie, "Niletee mbegu tano," atakuletea konzi nzima. Kwake tano ni neno lifuatalo nne, basi. Vivyo hivyo hupaza sauti, "Ba, be, bi, bo, bu," na ukimwuliza jina la babu laanza kwa sauti gani, hunyamaza. Babu na bibi wote wawili wamo katika wimbo wake, naye hajawaona!

Sasa tazameni afanyavyo dada yetu. Asubuhi watoto hunawa mikono, na kila mmoja humimina maji kwa kata katika kikombe, pasipo kumwaga. Mkono uliojifunza kutulia hivyo utaishika kalamu bila kuivunja. Kisha huketi mikekani, wakachambua maharage na mbegu za ukwaju kwa ncha za vidole. Mwenye mbegu 8 humgawia mwenzake sawasawa, nao huhesabu wote wawili, na mmoja akipunjwa, hapo ndipo zipandapo kelele mlizozisikia mkipita njiani. Kelele hizo ni hesabu, tena ni fundisho la haki. Baadaye huuliza, "Nani ana neno lianzalo kama maji?" Mmoja husema mama, mwingine mahindi, mwingine maembe, na yule mchelewaji hurudia mama. Wakiisha kuisikia sauti, ndipo wachorapo herufi yake mchangani kwa kidole, na aliyekosa hufuta kwa kiganja akaanza tena. Daftari ni jeupe, kweli. Mchanga haupelekwi nyumbani.

Wengine wanasema haya ni mageni ya siku hizi. Je, vitendawili vya bibi zetu jioni ni vya siku hizi? Na hata huko Ulaya si mapya. Jan Amos Comenius, askofu wa wale Ndugu ambao Kanisa la Moravian limetokana nao, kanisa ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, alitoa kitabu cha picha kwa watoto mwaka 1658, ili jicho lione kitu pamoja na jina lake. Na Mchungaji Johann Friedrich Oberlin, aliyefika Waldersbach katika milima ya Ufaransa mwaka 1767, aliwakusanya watoto wadogo chini ya wasichana wa kijiji, nao wakafundishwa kufuma, kuimba na kuitambua mimea. Mmoja wa wasichana hao, Louise Scheppler, alikuwa mtumishi wa nyumbani mwake.

Lakini liniumalo zaidi ni neno la fimbo na magoti. Katika madarasa mengi mtoto asiyeijua herufi hupigishwa magoti sakafuni. Na sakafu yetu sisi ni ya nyumba ya sala. Ijumaa apigishwe magoti hapo kwa kuwa hakuijua M, na Jumapili aambiwe apige magoti papo hapo kwa kuwa Mungu ni mwema. Magoti yake yatajuaje tofauti?

"Sisi tulipigwa, nasi tukajua kusoma." Kweli, na waliojua ndio wasemao mikutanoni. Mwenzangu wa dawati moja aliacha shule darasa la pili kwa kuogopa fimbo. Leo hutengeneza baiskeli yoyote iliyovunjika, tena kwa akili nyingi. Lakini kanisani hukishika kitabu cha nyimbo kimefungwa, naye huwatazama jirani zake midomo.

Simlaumu yule mzee kwa hofu yake. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ya nchi yetu Tanzania iliagiza kila mtoto apate elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja, na mtu ana haki ya kuuliza mwaka huo umeleta nini, hasa akiwasikia watoto wa mjini wakikariri siku za juma kwa Kiingereza. Dada yetu naye amekosa, maana hajawaeleza wazazi hata mara moja kazi ya mbegu hizo. Alidhani wataona wenyewe.

Wazee wa usharika watakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo namwomba mzee wetu, na kila aliyecheka, aje asubuhi moja aketi mkekani. Amwambie mjukuu wake amletee mbegu saba. Kisha amwite mtoto yeyote mwenye daftari lililojaa, amwambie vivyo hivyo.