Kabla ya Kopo la Tembe, Bwana Akapimwe

Matangazo ya dawa za wanaume yamejaa hapa Pwani. Yamebandikwa kwenye milingoti ya stima na sasa yanatufuata hadi kwenye simu. Zamani tulikuwa na karanga na supu ya pweza. Leo ni makopo ya tembe za zinki, asidi ya foliki na vitamini, pamoja na ahadi kwamba mke atashika mimba.

Sina ugomvi na pweza wala zinki. Ugomvi wangu ni na ahadi.

Mwaka 2020, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa jozi 2,370 za wenza waliokuwa wakitafuta mtoto. Nusu ya wanaume walimeza miligramu 5 za asidi ya foliki na miligramu 30 za zinki kila siku kwa miezi sita. Nusu nyingine walipewa tembe zisizo na dawa. Waliojaliwa mtoto upande wa virutubisho walikuwa asilimia 34, na upande wa pili asilimia 35. Idadi na mwendo wa mbegu havikuwa bora. Kilichozidi kwa waliomeza virutubisho ni maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kutapika.

Tatizo jingine ni kwamba tunachanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kuwa hana shida yoyote chumbani na bado manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Huenda mishipa ya korodani imevimba, mirija imeziba baada ya maambukizi, au homoni zimevurugika. Tembe ya zinki haizibui mrija. Na vijana wanaodungwa homoni ya testosteroni ili wajenge misuli wajue kwamba sindano hizo hupunguza utengenezaji wa mbegu, na zinaweza kuusimamisha kabisa.

Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa. Muuzaji anajua hilo, ndiyo maana kopo la kwanza halitoshi, wala la pili. Mwaka unapita, pesa zinaisha, na umri wa mke hausubiri.

Hapo ndipo dhuluma ilipo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani. Na katika karibu nusu ya visa hivyo, upande wa mwanamume unachangia. Lakini ni nani anayezungushwa kwa madaktari na waganga? Ni nani anayeitwa tasa na mawifi, akaletewa mke mwenza au talaka? Bwana naye anameza tembe zake kwa siri.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kipimo cha manii hakina kisu wala sindano, na ndicho kinachomwonyesha daktari pa kuanzia. Akikuta una upungufu wa madini au vitamini, atakuandikia yeye mwenyewe. Serikali zetu za kaunti zihakikishe kipimo hiki kinapatikana hospitalini kwa bei ya mwananchi.

Na kwenu wazee, mashekhe na wachungaji mnaosuluhisha ndoa: kabla neno talaka halijatajwa, ulizeni kwanza, bwana amepimwa?