Mambo ya Nyumbani: Meno ya Mbwa na Paka

Mfugaji wa huku Choma akienda mnadani kununua dume la ng'ombe, hatoi fedha zake kabla hajamfungua kinywa. Anajua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu, basi hutazama ya chini: meno mapana ni mawili, ni manne, au yamekwisha timia manane? Hapo hupata umri wa mnyama bila kumwuliza mtu. Lakini mwulize mfugaji huyo huyo, mbwa anayelinda zizi lako ana meno mangapi? Atacheka. Na mama aliyefuga paka kwa ajili ya kulinda karanga na mpunga, naye atacheka.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya mtu. Paka ana 30. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utoto, na akifikia miezi sita au saba huwa amekwisha yabadili yote. Meno hayo ndiyo jembe lake na ndiyo mkuki wake. Fisi akija usiku, mbwa hana kingine cha kumwonyesha.

Watu wengi husema, "Mbwa kunuka kinywa ni desturi yake." Ndugu wasomaji, si kweli. Kinywa cha mbwa mzima wa afya hakinuki hata ukageuza uso. Harufu ile ni dalili. Mate na vijidudu hufanya utando laini juu ya meno, nao usipoondolewa, baada ya siku chache huwa mgumu kama chokaa. Huo ndio ukoga, rangi yake manjano au kahawia, na hushika zaidi magego ya juu upande wa shavu. Hapo vijidudu hujificha chini ya ufizi. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, hutoa damu, kisha huachana na jino. Mwisho hata mfupa unaolishika jino huliwa, na jino hulegea. Kwetu sisi watu jino kutoboka ni jambo la kila siku. Kwa mbwa ni nadra, na taabu yao kubwa ni hiyo ya fizi.

Shida ni kwamba mnyama huficha maumivu. Mbwa mwenye jino bovu ataendelea kula, maana njaa humuuma kuliko jino. Wenyeji wa Tabora wanaijua tembe ya Kwihara alimokaa Dr. Livingstone mwaka 1872. Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba meno ya mzee yule yalikuwa yamechakaa kwa vyakula vigumu vya safari. Mzee aliweza kueleza taabu yake, hata kuiandika. Mbwa hawezi, na paka ni msiri kupita mbwa.

Basi tutazame wenyewe. Mbwa anatafuna upande mmoja tu? Anaangusha chakula, au anajikuna mdomo kwa mguu? Paka huja mbio kwenye sahani, akaonja, kisha akakimbia kana kwamba chakula kimemng'ata. Tena huacha kujilamba, manyoya yakashikamana, na watu wakasema amezeeka au amekuwa mvivu wa panya. Kumbe kinywa kinamwuma. Mbwa naye akivimba chini ya jicho, uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukapona, halafu ukarudi tena pale pale, husemwa kwamba amechomwa na mwiba. Mara nyingi ni mzizi wa gego kubwa la juu uliooza.

Kumkagua mbwa aliye mzima si kazi. Huna haja ya kumpanua taya. Akiwa ametulia, yule anayemlisha kila siku amnyanyue mdomo wa juu kwa upande, atazame, amwachie. Ufizi mzuri ni wa rangi ya waridi, ingawa mbwa wengine wamezaliwa na madoa meusi, nayo si ugonjwa. Mwenye bidii aweza kuzungusha kitambaa safi chenye maji kwenye kidole na kusugua meno kwa nje, kila siku kidogo kidogo. Aanze mnyama akiwa mdogo. Paka mzima asiyezoea atakuachia alama mkononi.

Lakini msitumie dawa ya meno ya watu. Mnyama hajui kutema, huimeza yote, na baadhi ya dawa hizo zina sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwa mbwa. Msisugue kwa majivu wala mchanga. Wala msiwape vidonge vyenu vya maumivu: kidonge kimoja cha panadoli chaweza kumwua paka. Na yule fundi wa kung'oa meno ya mbwa kwa koleo, mbwa akiwa amefungwa kamba na watoto wakishangilia, mkatazeni. Huvunja jino na kuuacha mzizi ndani, pengine huvunja na taya. Kazi hiyo hufanywa na daktari wa mifugo, mnyama akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Kuhusu mifupa: iliyopikwa hupasuka vipande vikali, na mfupa mgumu wa ng'ombe huvunja gego. Watoto wasimfundishe mbwa kuokota mawe, maana mawe husaga meno mpaka yakabaki vigutu.

Sasa nafika kwenye jambo linalonifanya niandike habari hii. Yote niliyosema juu ya kunyanyua mdomo ni kwa mbwa unayemjua, anayekula na kucheza kama siku zote. Mbwa akianza ghafula kutokwa na udenda, taya likining'inia, akashindwa kumeza hata maji, sauti yake ikabadilika, watu wa nyumbani husema, "Amekwamwa na mfupa," na mtu mwema humtia mkono kooni ili autoe. Kweli mfupa huweza kukwama. Lakini hizo hizo ndizo dalili za kichaa cha mbwa, na sumu yake imo katika mate. Si lazima mbwa mwenye kichaa awe mkali. Wapo wanaonyamaza tu na kuzubaa. Mkwaruzo mdogo kidoleni watosha.

Msimtie mkono. Mfungieni mahali bila kumshika, watoto waondoke, mmoja aende kwa Bwana Mifugo. Aliyekwisha guswa na mate penye jeraha, au aliyeng'atwa, aoshe mahali pale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, bila kufunga majani wala kupaka mafuta, kisha aende hospitali siku ile ile akapate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Tangu Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, aliyewahi chanjo mapema na kuimaliza yote hupona. Dalili zikimwanza mtu, karibu wote hufa. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba watu kama 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Tanzania, na wengi wao ni watoto.

Kinga yake ni kuchanja mbwa: mtoto wa mbwa afikapo miezi mitatu, na baada ya hapo kila mwaka. Siku hiyo ya chanjo ndiyo nafasi nzuri ya kumwomba Bwana Mifugo amtazame na meno, kwa kuwa yeye yupo na mbwa yupo. Paka nao huambukizwa kichaa, ila siku ya chanjo huachwa nyumbani kwa kuwa hawafungiki kamba. Mweke paka katika tenga la kuku lenye kifuniko, utandike gunia chini, ufunge vizuri kabla ya kutoka mlangoni.