Tumbo Lina Majina Mengi: Lugha ya Maumivu na Haki ya Mgonjwa

Mgonjwa anayeumwa na tumbo kwa miezi au miaka bila ya kuelezwa chanzo chake hubeba mizigo miwili: maumivu yenyewe, na shaka ya jamaa kuwa anajisingizia. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo huambiwa ana homa ya matumbo, kesho amiba, kesho kutwa vidonda vya tumbo, na kila kituo humpa dawa zake. Aghalabu lawama hutupiwa uhaba wa mitambo. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Sehemu ya tatizo hili ni ya lugha, na hapo wataalamu wa Kiswahili hawawezi kujitoa.

Neno 'tumbo' ni pana mno. Hufumbata takriban kila kilichomo baina ya mbavu na nyonga: matumbo, ini, nyongo, hata mji wa mimba. Anayeandika katika kadi kuwa 'tumbo linauma' hajaandika mengi. Hata hivyo, Kiswahili si maskini. Pana chembe cha moyo, kitovu, ubavu na kinena. Na tumbo husokota, hukata, hukeketa, huchoma na hujaa. Tofauti hizi si mapambo ya usemi. Maumivu yanayochoma penye chembe cha moyo na kubadilika mtu anapokula huelekeza fikira kwenye vidonda. Yanayoanzia kitovuni yakahamia chini kuliani huashiria kidole tumbo. Yanayobana chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta huzua shaka ya vijiwe vya nyongo. Yanayorejea pamoja na hedhi huenda yakawa ya endometriosisi, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na ambayo mara nyingi huchukua miaka kutambuliwa. Mama wa pwani akitaja 'chango', tabibu asiyejua kuwa neno hilo hubeba pia maumivu ya uzazi huenda akaandika dawa ya minyoo.

Wapo watakaodai kuwa vipimo vinatosha. Ukweli ni kwamba kipimo hujibu swali kilichoulizwa tu, na swali huzaliwa na masimulizi ya mgonjwa. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kutafuta homa ya matumbo, huchunguza kingamwili, na kingamwili hizo zaweza kuwa zimebakia kutokana na maambukizi ya zamani. Jibu lake pekee si ithibati. Fauka ya hayo, yapo maradhi ya utumbo ambayo hayaonekani pichani. Ugonjwa wa utumbo unaojulikana kwa kifupisho IBS hutambuliwa hasa kwa dalili: kwa vigezo vya Rome vya mwaka 2016, maumivu ya angalau siku moja kwa juma katika miezi 3, yakihusiana na choo au mabadiliko yake. Hapo maelezo ya mgonjwa ndiyo kipimo chenyewe.

Kuna pia suala la semantiki ambalo linaumiza watu. 'Hatujaona kitu' na 'huna kitu' ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza hueleza mpaka wa uchunguzi. Ya pili humkana mgonjwa. Anayeambiwa ya pili hurudi nyumbani akiwa kimya, na ugonjwa hukua katika kimya hicho.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Ibara ya 7, na haki ya afya katika Ibara ya 43. Haki hizi mbili hukutana katika chumba cha daktari. TUKI ilikwisha kuchapisha Kamusi ya Tiba, kazi ya kupongezwa. Lakini mgonjwa haji na istilahi, huja na maneno ya nyumbani na tasfida zake. Idara za Kiswahili na zifanye utafiti wodini, zikusanye msamiati wa maumivu kutoka lahaja mbalimbali, na ziufundishe kwa matabibu na wauguzi wanafunzi. Tasnifu moja ya aina hiyo yaweza kumpunguzia mgonjwa miaka ya kutangatanga.