Jina la Jeni Lisikisiwe

Toleo hili la jarida letu limebebwa na selimundu, na kwa watu wa Geita na Shinyanga sababu haihitaji kuelezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima vitone vya damu kavu vya watoto wa mikoa ya kaskazini-magharibi, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano amerithi jeni ya ugonjwa huu kwa mzazi mmoja. Zaidi ya mmoja kati ya mia wameirithi kwa wazazi wote wawili, nao ndio wanaougua.

Tiba ya kwanza ya kuhariri jeni, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Haigusi HBB, jeni yenye hitilafu. Hukata kipande cha BCL11A, jeni inayozima himoglobini ya kijusi, ili himoglobini hiyo irudi kazini. Vijana wetu wa maabara wameanza kuisoma njia hii, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane.

BCL11A kwenye makala za zamani ni EVI9, au CTIP1. Mtu akiandika CTIP, akaisahau hiyo 1, ameangukia RBBP8, jeni nyingine kabisa, inayosaidia seli kukarabati DNA iliyokatika. Programu inayojiamulia yenyewe ya kusanifu RNA elekezi, ile inayouongoza mkasi wa kuhariri hadi mahali pa kukata, haitamshtua. Itampa herufi 20 zenye alama nzuri, ataagiza vitendanishi kutoka nje kwa fedha za kuomba, na atakata pasipohusika.

Namba nazo zina mtego. Badiliko lilelile la selimundu huandikwa E6V na Glu7Val, kwa kuwa utaratibu wa sasa unaihesabu methionini ya mwanzo, ambayo protini huipoteza ikikomaa.

Wapo wanaotaka programu zikubali kila jina ili kazi iende haraka. Zikubali, sawa, lakini jina lenye jeni mbili liisimamishe kazi, mtumiaji aoneshwe zote mbili, achague mwenyewe. Kumchagulia kimyakimya ni kumdhuru.

Kwa hiyo, anayetuletea mswada wa kuhariri jeni aandike jina rasmi la HGNC, kamati ya majina ya jeni, na namba yake (ya BCL11A ni HGNC:13221), toleo la jenomu alilotumia, na mfuatano wenyewe wa RNA elekezi. Ukikosa kimojawapo, tutaurudisha kabla haujafika kwa wahakiki.