Kalima, Tupilieni Mbali Ule Mfupa

Ndugu zangu wa Kalima, Kongo,

Nimepigiwa simu usiku: mtoto wa dada yangu amechapwa darasani kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiswahili badala ya Kifaransa. Sikulala. Mimi nami nilivishwa mfupa shingoni kwa kosa hilohilo, nikawa nawavizia wenzangu nani ateleze ulimi nimvishe yeye. Bado mnaendelea?

Nisikieni jinsi watu wengine wanavyoishi na Kifaransa. Mwaka 2003 Ufaransa ilipopinga vita vya Iraki, hapa Marekani watu walichemka. Mkahawa wa Bunge lao ulifuta jina la Ufaransa kwenye viazi vya kukaanga, ambavyo kwa Kiingereza huitwa vya Kifaransa, ukaviita vya uhuru. Wengine walimwaga mvinyo wa Kifaransa. Mwaka 2006 jina likarudishwa kimyakimya. Jirani yangu aliyeapa kutokanyaga Ufaransa, mwaka jana alipeleka wajukuu Paris. Alijifunza neno moja tu, bonjour, maana kule kuingia dukani bila salamu ni matusi. Kwake Kifaransa ni cha wenyeji, yeye ni mgeni, wakaagana vizuri. Kwetu Kifaransa ndicho mgeni, nacho kimekabidhiwa fimbo ya nyumba! Na hata si Wafaransa waliotuletea lugha hiyo. Ni Wabelgiji, walewale waliochimba bati letu enzi za kampuni ya Symétain.

Mwezi wa saba nami nilipeleka wanangu Paris. Pale mtaa wa Château Rouge mama mmoja muuza sombe aliwaamkia kwa Kiswahili. Hawakuelewa, wakanigeukia mimi. Niliwanyima lugha hiyo, nikidhani Kiingereza kinatosha. Bibi yao amezikwa huko Kalima, na maneno yake yote kwao yalipitia mdomoni mwangu. Sikuwahi hata mazishi yake.

Mtasema: wewe ulisoma kwa Kifaransa ndipo ukaondoka. Kweli, na sisemi kiondolewe. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia shule ya msingi. Basi miaka ya kwanza hesabu, afya na kusoma vifundishwe kwa Kiswahili, na Kifaransa kiwe somo lenye saa yake na mwalimu anayekijua. Mtoto akielewa kugawa mihogo kumi kwa watu watano, jina la Kifaransa la tendo hilo atalishika kwa siku moja. Asipoelewa, atakariri kama kasuku, nanyi mtamwita mjinga.

Wazazi, kikao kijacho msikae kimya. Simameni mbele ya direkta, mwombe mfupa utupwe na fimbo iwekwe chini. Vitabu vya Kiswahili nitatuma mimi. Ni deni langu kwenu.