Kishikio cha bafuni kabla ya safari

Kila kiangazi familia zetu za Maskati, Dubai na Doha hukimbilia Uingereza kutafuta baridi. Siku hizi wengine hukodi gari la nyumba hapa Birmingham, wakazunguka nalo mpaka Wales. Mji wenyewe ni soko la magari haya. Ukumbi wa NEC huyafanyia maonyesho Februari na tena Oktoba. Watu huulizia jiko, vitanda na televisheni. Kishikio cha bafuni haulizi mtu.

Mimi nilikuja kuuliza nimeshachelewa. Mama aliingia kutia udhu, akainua mguu, akashika kile kishikio cha kubandika kwa mpira. Kikamtoka ukutani, kikabaki mkononi. Alhamdulillahi, bafu lilikuwa dogo, akaegemea ukuta. Hakuvunjika. Lakini safari nzima hakuingia tena mle, na akaninong'oneza: "Usiwaambie wenzio."

Basi nasema wazi: kishikio cha kubandika si cha kumbeba mtu. Kinaweza kumsaidia mtu kusimama sawa, lakini akiteleza hakimzuii, na ukuta ukiwa na mikwaruzo au unyevu huachia bila taarifa. Reli ya taulo na mlango wa shawa ndiyo usiseme.

Mwenye gari lake akitaka kufunga cha skrubu, ajue ukuta wa gari si tofali. Mara nyingi ni plastiki au plaiwudi nyembamba, nyuma yake sponji. Skrubu ikiingia hapo peke yake, siku ya kuvutwa itatoka na kipande cha ukuta. Lazima ipate mbao za fremu, au kiwekwe kibao kipana nyuma kugawa uzito. Kabla ya kutoboa, hakikisha hapana waya wala bomba. Kila tundu litiwe silikoni, maana maji yakipenya mbao huoza kimyakimya. Na mahali pa kufunga asichague fundi. Mwambie bi mkubwa asimame, aoneshe mkono wake unapofika.

La kukodi usilitoboe. Uliza kabla ya kutia saini kama lina kishikio cha kudumu. Kama halina, tafuta jengine, au lala kwenye kambi zenye bafu la walemavu.

Wapo watakaosema, mtu mzima si abaki nyumbani? Hata nyumbani huteleza. Kwa mkaazi wa England aliyepimwa na halmashauri akaonekana anahitaji, sheria za 2014 zinataka marekebisho madogo, yasiyozidi pauni 1,000, afanyiwe bure. Wengi wetu hawaombi, wanaona haya.

Haya hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mama zetu hawatosema. Muulize wewe, kabla hamjaondoka.