AFYA NYUMBANI: Chakula kinapokwama kooni

Mwezi huu tuongee juu ya kumeza. Mtu akianza kusema posho inamkwama, wengine wanasema amelogwa. Anaacha posho, anaacha muhogo, anabaki na uji. Akifika hospitali, ameshakonda sana.

Kumeza ni kazi ya misuli. Koo linasukuma tonge, kisha umio, wenye urefu wa sentimeta 25 hivi kwa mtu mzima, unalipeleka tumboni. Ndiyo maana daktari atauliza: ni vyakula vigumu tu, au hata maji? Kama vilianza vigumu, halafu laini, halafu maji, anashuku njia inabana, pengine kwa saratani, ambayo kwenye umio ni nyingi Afrika Mashariki. Kama vyote vilianza kukwama pamoja, pengine misuli ndiyo imegoma. Na mgonjwa wa kiharusi akikohoa kila anapokunywa, huenda maji yanaingia njia ya hewa. Msimlazimishe, mwambieni nesi.

Vipimo visiwatishe. Kuna kunywa bariamu, maji meupe mazito kama chokaa, huku eksirei inafuata yanavyoshuka. Baadaye choo huwa cheupe, siyo ugonjwa. Kunywa maji ya kutosha kama unaweza. Kuna endoskopi: mrija wenye kamera unapitishwa mdomoni, na daktari anaweza kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Hicho kinyama ndicho kinachoonyesha kama ni saratani. Cha tatu ni manometri: mrija mwembamba unapita puani, unameza maji kidogo kidogo, mashine inapima nguvu ya misuli. Hiki hakipatikani katika hospitali nyingi.

Usile kabla ya vipimo hivi. Hospitali itakuambia saa ngapi. Sema pia kama una mimba au unatumia dawa.

Anza kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Kampala kuna Mulago, na hapo hapo Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza 1967. Mkimbizi anatibiwa hospitali za serikali kama mwenyeji. Beba kitambulisho, barua, na mtu wa kukutafsiria. Uliza mapema kama kuna malipo.

Chakula kikikwama mara kwa mara kwa wiki mbili, usingoje ya tatu. Na asiyeweza kumeza hata mate apelekwe leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuonane mwezi ujao.